Fundi, nitie koili mbele?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser pikapu ya 1993, ile yenye springi za bapa (vyuma bapa vilivyopangwa pamoja) mbele na nyuma. Napakia iliki kutoka Amani kushuka Muheza. Mbele inadunda mpaka meno yanagongana, na usukani unacheza. Jirani ananishauri nitie koili, yaani springi za kujisokota, kama za matoleo mapya. Nikubali?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Koili ni laini kweli, na Toyota wenyewe waliziweka mbele ya pikapu hii mwaka 1999. Lakini springi ya bapa ina kazi mbili: inabeba uzito na inaishika ekseli isihame. Koili inabeba tu. Itabidi uunde mikono ya kushika ekseli, na fimbo ya kuizuia isiende kando, vyote vichomelewe kwenye chesisi. Niliwahi kuikubali kazi hiyo. Gari lilirudi likivuta kushoto, nikalala chini yake siku tatu bila malipo.

Kwanza ingia uvunguni na mtaimbo. Chokonoa kwenye jicho la springi, lile tundu la mwishoni: bushi, ule mpira wa ndani yake, ikicheza, au unga mwekundu wa kutu ukitoka kati ya bapa na bapa, ugonjwa ni huo. Fungua, sugua kwa brashi ya waya, paka grisi, tia bushi mpya. Shokapu ikivuja mafuta itupe, ununue mbili, si moja. Usukani ukiendelea kucheza, tazama tairodi, ile fimbo inayogeuza magurudumu.

Na usikubali kuongezewa bapa za mbele eti kwa ajili ya mzigo. Iliki yako si iko nyuma?