Dividii ya kukodi ikikwama katikati

Pole dadangu. Umekodi filamu, watoto wamejaa mkekani, dakika ya 40 picha inaganda! Inaudhi kweli.

Kwanza tia diski yako mwenyewe iliyo nzima. Ikicheza vizuri, deki haina kosa. Ile ya kukodi ioshe kwa maji na tone la sabuni, uipanguse kwa kitambaa laini kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni. Usizungushe mkono: mkwaruzo unaofuata duara ndio unaoishinda deki kusoma.

Zote zikikwama, shuku lenzi ya deki, kile kijicho kinachosoma diski. Hapa Mombasa vumbi na hewa ya chumvi haviachi kitu. Usiifungue deki mwenyewe, mwanga wa leza ulio ndani huumiza macho. Mpelekee fundi.

Siku nyingine iinamishe diski kwenye mwanga dukani, na wakujaribishie palepale kabla hujalipa.