Barua kwa binti yangu anayeuliza achukue mchepuo gani wa MBA

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumatano niliusoma, kisha nikamsomea baba yako. Unasema kampuni imekubali kukulipia nusu ya karo ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi, lakini huwezi kuamua: uchukue usimamizi wa kimkakati kama wenzako wengi kazini, ubaki kwenye ununuzi na ugavi unaoujua, au uchukue fedha, ambayo hesabu zake zinakutisha. Tena una watoto na umri umesogea, hutaki kupoteza miaka miwili. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, ili uweze kurudia kusoma ukiwa umetulia.

Jibu langu ni fedha.

Tuanze na unakotaka kufika. Ulituambia unataka siku moja uendeshe kampuni ya dawa, yako au ya mwingine, si kubaki mkuu wa ununuzi hadi ustaafu. Basi jiulize: kwenye kikao cha mameneja, ni wapi mazungumzo yanakupita? Si kwenye makontena. Unajua mzigo utashuka lini Mombasa na utafika lini bandari kavu ya Embakasi, na unajua ni msambazaji gani wa India anayetimiza ahadi. Mazungumzo yanakupita pale meneja wa fedha anapofungua mizania, ile karatasi ya mali na madeni ya kampuni, na kusema agizo lako lipunguzwe, nawe huna la kumjibu isipokuwa kwamba hospitali zitakosa dawa. Hoja yako ni ya kweli, tena ni nzito. Haishindi kwa sababu haijasemwa kwa shilingi.

Nilipokuwa idara ya mikopo kule benki, jambo hili nililiona mara nyingi. Mtu anakuja kuomba mkopo wa kuagizia bidhaa, na biashara yake anaijua ndani nje. Ukimuuliza pesa zitarudi lini, anamgeukia mhasibu wake. Kamati haikuwa inamdharau, lakini haingeweza kumkopesha mtu asiyejua pesa zake zinarudi lini. Na waliopata masharti mazuri hawakuwa lazima wenye maduka makubwa. Walikuwa wale walioweza kueleza wenyewe safari ya kila shilingi, kutoka inapotoka benki hadi inaporudi.

Chukua mfano wa kazi yako. Tuseme dawa zinakaa ghalani siku 90 kabla ya kuuzwa, wateja kama hospitali za kaunti wanalipa baada ya siku 120, na wewe unamlipa msambazaji baada ya siku 60. Jumlisha 90 na 120, toa 60: pesa za kampuni ziko nje siku 150. Kama ni shilingi milioni 10 na benki inatoza 16% kwa mwaka, riba peke yake imekula zaidi ya sh. 650,000. Sasa punguza siku za ghalani hadi 60. Umeokoa kama sh. 130,000 kwenye agizo moja, bila kumbana mteja wala kuongeza bei ya dawa kwa mgonjwa. Kuzipunguza siku hizo ni kazi yako, tena wewe ndiye unayejua inavyofanyika. Nataka uwe pia ndiye unayeipigia hesabu na kuiweka mezani.

Na kuna dola. Januari 2024 shilingi ilikuwa imeshuka hadi karibu 160 kwa dola moja. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu 130. Februari mwaka huohuo Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi 13%, na kukopa kukawa ghali. Anayeagiza kwa dola na kuuza kwa shilingi aliweza kupata au kupoteza fedha nyingi kwa sababu ya wiki aliyochagua kulipa tu. Uamuzi wa aina hiyo uko karibu sana na meza yako. Mchepuo wa fedha unafundisha jinsi ya kuufikiria, pamoja na gharama ya mtaji, kupima miradi, na kusoma mtiririko wa fedha wa kampuni.

Kuhusu hesabu, usiogope. Nyingi ni asilimia na thamani ya pesa kulingana na wakati, na sehemu kubwa utaifanya kwenye Excel. Msambazaji anapokuambia, “Lipa ndani ya siku 10 nikupunguzie 2%, au lipa yote siku ya 30,” wewe unakuwa unapiga hesabu ya fedha. Ukikataa lile punguzo ili ukae na pesa siku 20 zaidi, ni sawa na kukopa kwa riba ya takriban 37% kwa mwaka. Ukishaweza kueleza hilo, umeshaingia darasani.

Sasa nikuambie kwa nini si hiyo mingine. Ugavi unao tayari: una cheti cha CIPS, ile taasisi ya kimataifa ya ununuzi na ugavi, una leseni ya KISM, chombo cha wataalamu wa ugavi hapa Kenya, kama sheria ya 2007 inavyotaka, na una uzoefu ambao hata baadhi ya wahadhiri hawana. Ningekuambia ubaki huko kama ungetaka kuwa mshauri au mwalimu wa fani hiyo. Usimamizi wa kimkakati si mbaya, na unamfaa mtu aliyekwisha kupita idara kadhaa. Lakini MBA nyingi zina somo la mikakati la lazima kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo utalisoma hata ukiwa fedha. Uchanganuzi wa data anaousifu mumeo unaweza kuusoma kwa kozi fupi baadaye.

Kuna jambo moja ambalo naona watu wengi hawalipi uzito, nalo ni mradi wa utafiti. Hapa kwetu wapo wanaomaliza masomo yote ya darasani kisha wanakwama kwenye mradi mwaka baada ya mwaka, bila kuhitimu. Kabla ya kulipa karo nenda idarani, uulize wasimamizi wa mchepuo wa fedha ni wangapi, kila mmoja ana wanafunzi wangapi, na kama mchepuo huo utafunguliwa kweli mwaka wako. Mada itoe kazini kwako: kwa mfano, siku dawa zinazokaa ghalani zinavyoathiri faida ya wasambazaji wa dawa jijini. Omba ruhusa ya maandishi ya kutumia takwimu za kampuni mapema, na ukumbuke kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Ukianza kufikiria mada tangu muhula wa kwanza, kila kazi ya darasani itakuwa inakusogeza huko.

Chuo chenyewe kichague pia kwa barabara. Kutoka Industrial Area hadi Strathmore pale Madaraka ni karibu. Kwenda USIU kule Kasarani jioni ni kupambana na msongamano wa Thika Road, halafu urudi Syokimau usiku. Mwili wako una kazi na watoto pia.

Mkataba wa kampuni nao usome neno kwa neno. Nusu ya karo mara nyingi huja na sharti la kubaki kazini miaka kadhaa baada ya kuhitimu, na ukiondoka mapema unarudisha pesa. Kama sharti ni zaidi ya miaka miwili, jadiliana nao kabla ya kutia sahihi. Kwa nusu iliyobaki, HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha hata wanaosoma uzamili. Ulizia huko kabla hujagusa akiba ya shule ya watoto.

Siku za darasa la jioni watoto watakuja kwetu Buruburu, walale hapa. Baba yako ameshakubali, na asubuhi atawapeleka shule mwenyewe. Jumamosi njoo na fomu, karatasi ya karo, na taarifa za fedha za kampuni za miaka mitatu kama unaruhusiwa kuzitoa. Tutazipitia pamoja ukurasa kwa ukurasa, kuanzia mtiririko wa fedha.

Nakupenda sana.

Mama yako