Kuhusu kunyoosha Mto Nyando hapo Ahero

Swali ni kama kunyoosha mto huu, hapo Ahero kaunti ya Kisumu, kutamaliza mafuriko. Hapana, hayataisha, yatahamia kwa walio chini, upande wa Ziwa Victoria. Ukikata kona mto unafupika, lakini kimo cha kushuka ni kilekile, kwa hiyo mteremko unakuwa mkali. Tuseme maji yalikuwa yanashuka mita 4 kwa kilomita 8. Yanyooshe yapite kilomita 5: mteremko unatoka sentimita 50 kwa kilomita hadi 80, na kasi inapanda karibu robo, kina kikiwa kilekile. Maji hayo huchimba sakafu ya mto kuelekea juu (tazama nguzo za daraja, msingi wa zege ukianza kuonekana ujue ndiyo hiyo kazi), halafu tope la kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho linatua ardhi inapolala, na mto unajaa tena. Napima mifereji ya mashamba ya mpunga, na hesabu ni hiyohiyo. Ila walio palepale kwenye kona zilizokatwa watapata nafuu ya kweli, mradi ziwa lisipande kama 2020. Likipanda, maji ya mto hayana pa kwenda.