Kadi ya Hank Aaron ya Mwaka 1957, na Jibu kwa Kijana wa Minnesota

Wiki iliyopita kijana mmoja mzaliwa wa Tanga, ambaye sasa anaishi Minnesota, aliniandikia akiuliza kama inafaa akope fedha ili anunue kadi moja mashuhuri ya besiboli, ile karatasi ngumu yenye picha ya mchezaji, yaani ya Mickey Mantle iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, hata ikiwa imechakaa. Alikuwa amesoma kwamba nakala moja ya kadi hiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022. Ujumbe wake ulinifikia siku chache baada ya kupata kadi niliyoitafuta kwa miaka mingi, ya mwaka 1957 yenye picha ya mchezaji Hank Aaron, na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mna hamu kama yake, nimeona nimjibu hapa.

Jibu langu ni hapana, ndugu yangu, usikope. Kadi ya Mantle namba 311 ni nzuri, lakini umaarufu wake umekwisha kuwekwa ndani ya bei. Ilikuwa katika sehemu ya mwisho ya seti ya kadi 407, iliyofika madukani msimu ukielekea ukingoni, watoto wakiwa wameanza kufikiria mambo mengine. Mabaki yake yalikaa ghalani hadi mwaka 1960, ambapo Sy Berger, mmoja wa waliobuni seti hiyo, alieleza kwamba aliyapakia kwenye chombo na kuyatupa katika Bahari ya Atlantiki. Hadithi hii huvutia sana wanaoanza, na wauzaji wa kadi bandia wanaijua vizuri kuliko wewe. Anza na kadi unayoweza kuisoma kabla ya kuinunua.

Mimi nilijifunza kusoma kadi kongwe kwa kutumia kadi mpya. Tangu mwaka 2001 Topps imekuwa ikitoa toleo liitwalo Heritage, ambalo huwachapisha wachezaji wa leo kwa sura ya kadi za zamani: toleo la kwanza lilifuata mtindo wa mwaka 1952, lililofuata likachukua wa 1953, na hivyo hivyo mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo Heritage ya mwaka 2006 ina sura ya kadi za 1957. Nilizinunua moja moja kwa bei ndogo, nikaziweka mezani, nikaziangalia hadi macho yangu yakazoea upana wa ukingo mweupe, mahali jina la mchezaji linapokaa chini ya picha, na mpangilio wa takwimu upande wa nyuma. Wapo wakusanyaji wanaozidharau kadi hizi kwa kusema ni maigizo. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayeshika Heritage kwa makini huingia kwenye kadi kongwe akiwa na macho yaliyofunzwa, na hajapoteza fedha za kodi ya nyumba.

Mwaka 1957 una umuhimu wake wa pekee. Ndipo Topps ilipopunguza kadi zake hadi inchi 2.5 kwa 3.5, kipimo ambacho bado ndicho cha kawaida, na ndipo ilipoacha picha za kupakwa rangi na kutumia picha halisi za kamera. Kadi ya Aaron, namba 20, ilichapishwa kutokana na filamu iliyogeuzwa. Aaron alipiga mpira kwa mkono wa kulia maisha yake yote katika ligi kuu, lakini kwenye kadi hii anaonekana akipiga kwa mkono wa kushoto, na namba 44 ya fulana yake inasomeka kinyume. Msimu huohuo aliteuliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake, na timu yake ya Milwaukee Braves ikawashinda New York Yankees na kutwaa ubingwa.

Niliipata katika maonyesho ya kadi nje kidogo ya Chicago, na siku hiyo haikuanza vizuri. Meza ya kwanza niliyosimama ilikuwa na kadi ya Ernie Banks ya mwaka 1958 iliyokuwa na kingo safi kupita kiasi. Nilimwomba mwenye meza ruhusa ya kuipima, nikatoa rula yangu, nikakuta imepungua upande mmoja, maana yake mtu aliikata ili kuondoa pembe zilizochakaa. Nilimwambia kwa adabu. Akaichukua, akaniangalia kuanzia juu hadi chini, kisha akasema mbele ya watu kwamba watu wa kwetu tungenunua pakiti mpya za dukani na kuwaachia kadi hizi wale wanaoufahamu mchezo. Maneno hayo sijayasahau, wala sijifanyi kwamba hayakuniuma, kwa sababu kati yetu wawili ni mimi niliyekuwa nimeisoma ile kadi.

Kwenye meza nyingine mzee mmoja aliniachia kadi ya Aaron niichunguze kwa muda nilioutaka. Nilitumia kioo cha kukuzia. Picha katika kadi halisi za wakati ule zimeundwa kwa nukta ndogo za rangi, lakini herufi nyeusi zina wino uliokolea bila nukta, ilhali nakala zinazotengenezwa kwa kupiga picha kadi halisi mara nyingi huonyesha nukta hata ndani ya herufi. Niliitazama karatasi yake ya kijivu upande wa nyuma, nikaipima, nikaigeuza mbele ya taa. Ina mkunjo unaopita juu ya bega la Aaron na pembe zake zimekuwa duara. Nililipa sehemu ndogo sana ya bei ya kadi safi, na nilipoitia kwenye kasha lake nilijua kila kitu kilichokuwa mkononi mwangu.

Kwa hiyo isome kadi kabla ya kuinunua, na usikimbilie alama iliyoandikwa kwenye kasha la plastiki. Kampuni za kupima ubora zina kazi yake, hasa kwa kadi za fedha nyingi, lakini kadi ya kwanza kabisa iliyopimwa na PSA, mojawapo ya kampuni hizo, mwaka 1991, yaani ya mchezaji wa zamani Honus Wagner kutoka seti iitwayo T206, ilipewa alama 8 kati ya 10, na mwaka 2013 Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, alikiri kwamba alikuwa ameikata kingo. Wakikosea wataalamu, wewe utaegemea nini kama hujajifunza kutazama? Kuhusu kuhifadhi sina mengi: epuka albamu za plastiki yenye PVC, epuka jua, na usifunge kadi kwa mipira ya kubania.

Tena, kusanya mtu unayemjali. Aaron alianza akiwa na Indianapolis Clowns katika ligi za wachezaji Weusi mwaka 1952, na alipoikaribia rekodi ya Babe Ruth ya homurani 714, yaani mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote vya uwanja, alipokea barua za chuki na vitisho vya kuuawa, akaendelea kucheza hadi akaivunja tarehe 8 Aprili 1974. Kila mara ninapoitazama kadi yake nakumbuka aliyatenda hayo mbele ya watu waliotaka ashindwe.

Hivyo, kijana wangu wa Minnesota, nunua Topps ya mwaka 1974, namba 1 hadi 6. Namba 1 inamtangaza Aaron kuwa mfalme mpya wa homurani ingawa alimaliza msimu wa 1973 akiwa na 713 tu. Kampuni ilichapisha kabla rekodi haijavunjwa. Namba 2 hadi 6 zinaonyesha picha ndogo za kadi zake za miaka iliyotangulia, na ile ya 1957 imo kwenye namba 2. Ongeza kadi chache za Heritage ya mwaka 2023, ambayo inafuata mtindo huohuo wa 1974, uziweke sambamba na zile za zamani. Kadi hizo sita hupatikana kwa bei ya chini zikiwa na pembe zilizochakaa, na hakuna hata moja inayokulazimu kwenda benki.