Vita vya Panzi, Furaha ya Kunguru: Maswali Yenu Kuhusu Mkono wa Nje

Wiki chache zilizopita nilisema kwamba haki ya taifa kujiamulia mambo yake huonekana thamani yake pale taifa lenyewe linapogombana. Mmeniletea maswali mengi, na matusi kiasi. Matusi nimeyasoma. Maswali manane nayajibu hapa, mengine kwa kirefu, mengine kwa mkato.

Ndugu mwandishi, balozi wa nchi ya nje akilaani polisi kwa kuwapiga waandamanaji, huko si kuingilia mambo yetu ya ndani?

Kauli peke yake, hata ikikera, si uingiliaji kwa kipimo cha sheria ya kimataifa. Kipimo ni shuruti. Kesi ya kuisoma ni ya Nicaragua dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini Hague tarehe 27 Juni 1986. Marekani ilikuwa imewapa waasi wa Contra, waliopigana na serikali ya Nicaragua, fedha, silaha na mafunzo, na ilikuwa imetega mabomu kwenye bandari za Nicaragua. Majaji 12 kati ya 15 walisema kuwapa waasi fedha, silaha na mafunzo ni kuingilia, kwa sababu kulikuwa kulilazimisha taifa katika mambo ambayo ni hiari yake: mfumo wake wa siasa, uchumi, jamii na utamaduni, na sera yake ya nje.

Mimi hunivutia zaidi yale ambayo mahakama ilikataa kuyaita uingiliaji. Kukata misaada, hata kupiga marufuku biashara kama Marekani ilivyofanya mwaka 1985, hakukuhesabiwa. Msaada wa kibinadamu usiobagua pia haukuhesabiwa. Na ingawa Contra walipewa karibu kila kitu na Washington, majaji hawakukubali kwamba kila walichotenda kilikuwa cha Marekani. Lishikeni hilo la mwisho, nitalirudia.

Balozi lakini ana kamba fupi kuliko wengine. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 41, unamkataza kujiingiza katika mambo ya ndani ya mwenyeji, na kifungu cha 9 kinampa mwenyeji ruhusa ya kumtimua bila kueleza sababu. Taarifa ya kulaani mauaji ataponea. Akionekana amekaa katika kikao cha kupanga kampeni ya chama, asishangae akiambiwa afungashe.

Serikali inasema vijana waliolala barabarani wamelipwa na mabeberu. Nitajuaje kama ni kweli?

Huenda ni kweli kwa baadhi yao, na bado kilio chao kikawa cha kweli. Hapa narudi kwa wale Contra: anayepewa fedha na mgeni, si kila alitendalo huwa la mgeni. Watu hutaka jibu moja: ama wote vibaraka, ama wote malaika. Historia haigawanyi watu hivyo.

Chukua Iran. Mohammad Mosaddegh alishika uwaziri mkuu mwaka 1951, na mafuta yakataifishwa kutoka mikononi mwa kampuni ya Waingereza. Tarehe 19 Agosti 1953 akapinduliwa. Kwa miaka mingi waliosema majasusi wa Marekani na Uingereza walihusika waliitwa wazushi. Nyaraka za CIA zilizofunguliwa mwaka 2013 zikakiri. Makundi ya watu yalilipwa kuingia mitaani Tehran. Lakini katika makundi hayohayo walikuwamo wafanyabiashara, wafuasi wa baadhi ya mashehe na watu wa kawaida waliochoshwa na Mosaddegh kwa sababu zao wenyewe. Mkono wa nje haukuumba ugomvi ule. Uliukuta, ukaumwagia petroli.

Sasa geuza upande wa pili. Oktoba 1956 Wahungari waliingia mitaani Budapest, na watawala waliowekwa baadaye wakaita tukio lile njama ya mabeberu ya kupindua ujamaa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ilichunguza, na mwaka 1957 ikasema yalikuwa maasi ya wananchi yaliyozuka yenyewe. Jeshi la nje lilikuwapo kweli: vifaru vya Kisovieti, vilivyoingia tarehe 4 Novemba kuwaweka madarakani walewale waliopiga kelele za mkono wa nje.

Kwa hiyo ukisikia tuhuma, usianze na swali la nani kalipwa. Anza na tarehe. Je, mishahara ilikuwa imechelewa, ajira zimekauka, kura zimeibwa, kabla huyo mgeni hajatajwa? Kisha udai ushahidi wa aina inayoweza kukaguliwa: miamala, shehena za silaha, maagizo. Na tazama serikali inafanya nini baada ya kutoa tuhuma. Ikifukuza jasusi, huenda inamjua. Ikifunga wauza mitumba na wanafunzi, ujue haina jasusi wa kumfukuza.

Asasi inayopokea fedha za wafadhili wa nje ni kibaraka?

Si lazima, lakini wenye asasi wasijifanye kushangaa wakiulizwa. Chile inafundisha hapa. Kamati ya Seneti ya Marekani iliripoti mwaka 1975 kwamba kati ya 1970 na mapinduzi ya Septemba 1973, Marekani ilitumia kwa siri takriban dola milioni 8 nchini humo, na gazeti la El Mercurio pekee lilipata milioni 1.5. Neno zito hapo ni siri. Msomaji wa Santiago aliyenunua gazeti asubuhi hakujua kwamba mmoja wa waliolipia wino yuko nchi nyingine, na ana shabaha yake.

Asasi inayotangaza imepewa nini, na nani, kwa kazi gani, imempa mwananchi uwezo wa kupima maneno yake. Inayoficha imemnyima. Mimi ningependa sheria ya uwazi inayomhusu kila mtu, vikiwamo vyama tawala, ambavyo navyo hupokea fulana, magari na washauri kutoka ng'ambo huku vikiwanyooshea wengine kidole. Sheria inayowabana wapinzani peke yao sitaiita ya kulinda uhuru wa taifa.

Hii haki ya kujiamulia ni ya serikali au ya wananchi?

Ya watu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, kifungu cha 1, unasema haki ya watu kujiamulia. Azimio namba 1514 la Baraza Kuu la umoja huo, la Desemba 1960, linasema watu wote wana haki hiyo. Mikataba miwili ya haki za binadamu ya 1966 inaanza na sentensi hiyohiyo. Serikali inaibeba haki hiyo kwa niaba. Mtawala aliyezima uchaguzi kisha akaliambia baraza la kimataifa kwamba "taifa letu litajiamulia lenyewe" ametumia sahihi ya mtu mwingine.

Aliyeuliza pia kama haki hii maana yake ni kila jimbo kujitenga: hapana. Viongozi wa Afrika walikubaliana Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka iliyorithiwa. Eritrea 1993 na Sudan Kusini 2011 zilijitenga kwa kura ya maoni, baada ya vita virefu na kwa ridhaa ya dola zilizokuwa zinaondokewa. Mada hiyo inataka ukurasa wake.

Serikali halali ikiomba majeshi ya rafiki yaje kuisaidia dhidi ya ghasia, kosa liko wapi?

Kosa mara nyingi liko kwenye barua ya mwaliko. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Moscow, yaliingia Czechoslovakia, na Moscow ikasema imeitwa. Aliyeita hakutajwa. Serikali na rais wa nchi hawakuwa wameita mtu, na walilaani uvamizi. Barua ilikuwapo kweli, imesainiwa na wanachama watano wa chama waliopinga mageuzi, ikafungiwa katika makabati ya Moscow hadi Boris Yeltsin alipoikabidhi Prague mwaka 1992. Watu watano, kwa siri, wakakaribisha vifaru kwa jina la mamilioni.

Linganisha na Gambia, Januari 2017. Yahya Jammeh alikubali kwamba ameshindwa uchaguzi, akageuza kauli. Adama Barrow, aliyekuwa ameshinda, akaapishwa katika ubalozi wa Gambia mjini Dakar tarehe 19, majeshi ya nchi za ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yakavuka mpaka, na Jammeh akapanda ndege tarehe 21. Wanasheria wanaweza kubishana kama mtu aliyeapishwa ugenini ana uwezo wa kualika jeshi. Mimi naona tofauti moja kubwa: pale kulikuwa na kura iliyohesabiwa, na aliyeshindwa alishampigia mshindi simu ya pongezi mbele ya kamera.

Kwa hiyo watu wakichinjwa, dunia ikae kimya kwa kuheshimu mipaka?

Swali hili ndilo lililoninyima usingizi. Aprili 1994, mauaji ya kimbari ya Watutsi yakiwa yamepamba moto Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 912 na kupunguza kikosi chake cha kulinda amani hadi watu 270. Hakuna aliyeingilia mambo ya ndani ya mtu. Tangu hapo siwezi kusikia neno "kutoingilia" nikalipokea kama neno safi. Umoja wa Afrika nao ulijifunza: hati yake ya 2000, kifungu cha 4(h), inauruhusu kuingia katika nchi mwanachama kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu.

Kisha ikaja Libya. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la tarehe 17 Machi 2011, lilipita kwa kura 10, tano zikijizuia, na lengo lililoandikwa ni kulinda raia. Kufikia Oktoba, Muammar Gaddafi alikuwa ameuawa. Katikati, ujumbe wa marais wa Umoja wa Afrika ulifika Tripoli tarehe 10 Aprili na pendekezo la kusitisha vita. Gaddafi alikubali, waasi wa Benghazi wakakataa kesho yake kwa sababu halikumtaka aondoke. Nawaelewa waasi. Lakini mtu ambaye angani ana ndege za NATO hana haraka ya kujadiliana, na hapo ndipo msaada wa kulinda raia ulipogeuka kuwa kura nzito kuliko zote katika siasa za Libya. Walibya hawakuipiga kura hiyo peke yao.

Mtanisema ninaikwepa ya nyumbani, kwa hiyo nitaitaja. Idi Amin aliivamia Kagera Oktoba 1978. Tanzania ikajibu, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kujilinda kulikuwa haki, na sijakutana na wengi waliomlilia Amin. Ila rais aliyefuata, Yusuf Lule, alipatikana katika mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, uliofanyika Moshi, akadumu siku 68. Baada yake akaja Binaisa, kisha tume ya kijeshi, kisha uchaguzi wa Desemba 1980 uliozaa vita vya msituni Februari 1981. Kumwondoa muuaji kulichukua miezi. Kupata utaratibu ambao Waganda wangeuita wao kulishindikana kwa miaka.

Msimamo wangu basi: kuzuia mauaji, ndiyo, kwa idhini ya pamoja, kwa muda uliotajwa. Kuchagua nani atawale baadaye, hapana, hata kama anayechaguliwa ni mtu mwema.

Je, wapatanishi nao si mkono wa nje?

Ni mkono wa nje, ila umeshika kalamu. Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na vifo zaidi ya 1,000, Kofi Annan alikaa na pande mbili pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa hadi Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini tarehe 28 Februari 2008. Kuna shinikizo lililotumika, tusidanganyane. Lakini saini zilikuwa za Wakenya, na katiba iliyofuata ilipigiwa kura na Wakenya wenyewe tarehe 4 Agosti 2010. Malalamiko yangu ni kwamba upatanishi wa aina hii hugawa vyeo kwa waliogombana, na aliyechomewa nyumba husubiri.

Niko ughaibuni miaka 20. Nikichanga fedha na kuhamasisha maandamano mtandaoni, mimi ni mgeni anayeingilia?

Wewe si mgeni. Umbali haukufuti katika taifa lako. Ila risasi haikufikii, na hilo libadilishe unachowaambia walio barabarani. Changia mawakili, matibabu, chakula cha familia za waliokamatwa. Usiahidi usichonacho. Wahungari wa 1956 walikuwa wakisikiliza Radio Free Europe, redio iliyofadhiliwa na Marekani, kutoka Munich, na baadhi ya matangazo yaliwafanya wengi waamini kwamba majeshi ya Magharibi yako njiani. Hayakuwa. Takriban watu 2,500 waliuawa, wengine kama 200,000 wakakimbia nchi, na miongoni mwa waliobaki walikuwamo waliokuwa wamekataa kuweka silaha chini kwa sababu ya sauti ile ya redioni.