Sikukuu Zote Hizi, Atazipika Nani?

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kakamega na Kisumu, na ijapokuwa walioziandika hawajuani, wote wana kesi na kalenda. Nimezifupisha bila kugusa hoja zake.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Nakuru. Mume wangu ni Mwislamu, mzaliwa wa Mumias. Mimi nimelelewa katika Kanisa Katoliki kule Siaya, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kila mtu abaki na dini yake. Basi nyumba yetu ina sikukuu za pande zote mbili, ukiongeza zile za serikali, na kwa kuwa tunaishi karibu na steji, kila jamaa anayesafiri hupitia kwetu. Mwaka Mpya napika, Pasaka napika, Idd zote mbili napika, Madaraka, Mashujaa na Jamhuri napika, na Krismasi ndiyo usiseme. Mume wangu husema sikukuu ni za kupumzika. Je, ni vibaya nikiacha nyingine zipite kimya? – Mama Sufuria, Nakuru.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Si vibaya hata kidogo, na nathubutu kusema hivyo mbele ya dini mbili na serikali moja, kwa sababu kila sikukuu ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayepaswa kuishughulikia. Taabu yako ni kwamba umejitwika za kila mtu.

Tuanze na za serikali, ambazo ndizo nyepesi. Kifungu cha 9 cha Katiba kinazitaja siku tatu za kitaifa, yaani Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba, na nimekisoma kifungu hicho kwa makini bila kuona mahali palipoandikwa pilau. Siku hizo ni za nchi, na nchi ina gwaride lake na bendi yake. Isitoshe, tangu sherehe zianze kuzungushwa katika kaunti, watu wa upande wetu hatuna tena sababu ya kuzitazama kwenye televisheni tu: Madaraka ililetwa hapa Nakuru, katika uwanja wa Afraha, mwaka 2016, ikaenda Kisumu mwaka 2021, Bungoma mwaka 2024 na Homa Bay mwaka 2025. Sherehe ikiwa karibu, baba awachukue watoto waende nayo, nawe ubaki nyumbani umenyoosha miguu. Ikiwa mbali, awakalishe sebuleni awasimulie. Siku ya Mashujaa, kwa mfano, anaweza kuwaeleza kwamba usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuanza kuwakamata viongozi, na kwamba sita kati yao walishtakiwa Kapenguria, mmoja wao akiwa Achieng' Oneko, ambaye mwaka 1963 alichaguliwa kuwa mbunge wa mji huu huu wa Nakuru. Masimulizi hayo yanahitaji chai na mandazi, na mandazi yanauzwa pale nje. Kuhusu tarehe 10 Oktoba, ambayo tuliijua kama Siku ya Moi, ikaitwa ya Utamaduni na sasa ni ya Mazingira, sikukuu isiyotulia na jina haiwezi kukudai chakula. Panda mti mmoja, umwagilie maji, urudi kulala.

Idd ni ya mume wako. Najua atasema kwamba hajui kupika, lakini mtu aliyekulia Mumias ameona wanaume wakipika pilau ya harusi tangu akiwa mtoto: sufuria kubwa imesimama nje juu ya mawe matatu, mmoja anageuza nyama kwa mwiko mrefu huku macho yakimtoka machozi kwa moshi, na wali ukikaribia kuiva, makaa yanapangwa juu ya kifuniko ili uive kutoka juu na chini. Ikiwa wanaweza kuwapikia wageni wa harusi, hawashindwi na watu wa nyumba moja. Tena Idd-ul-Adha inakupunguzia kazi yenyewe, kwa kuwa ni desturi nyama ya kuchinja igawanywe mafungu matatu, la maskini, la jamaa na majirani, na la nyumbani, kwa hiyo sehemu kubwa inatoka mlangoni kabla hujawasha jiko. Kitu cha kukumbuka tu ni kwamba mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wetu kwa siku zipatazo 11, na ndiyo sababu Idd hurudi nyuma kila mwaka. Mwezi wa Februari 2026 Kwaresma na Ramadhani zilianza wiki moja, na nadhani jiko lako halijawahi kupata mapumziko ya mchana kama yale. Mambo huwa magumu inapofikia Desemba. Mwaka 2000 Idd-ul-Fitri iliangukia Januari, ikaja tena Desemba siku chache tu baada ya Krismasi, na Idd-ul-Fitri mbili ndani ya mwaka mmoja zinatarajiwa tena mwaka 2033. Una muda wa kujiandaa, au wa kuhama kutoka hapo karibu na steji.

Pasaka ni yako, na hapo sina la kukusaidia isipokuwa kwenye suala la wageni. Kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ni siku nne, na wahenga walikwisha kuamua kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa hesabu hiyo, jamaa aliyeingia Ijumaa asubuhi anakuwa tayari kumenya vitunguu ifikapo Jumapili, na Jumatatu anaweza kukabidhiwa vyombo. Usimwonee haya. Mwonyeshe tu mahali sabuni ilipo.

Inabaki Krismasi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo pekee inayostahili kugharimiwa, kwa sababu ndiyo pekee inayowakuta watu wote wako likizoni pamoja, watoto wa shule wakiwemo. Lakini hiyo si yako, ni ya wazee. Nenda nayo Siaya. Huko jiko ni la mama yako, mikono ni mingi, wifi zako wanashindana kupika, na samaki hawanunuliwi kwa bei ya mjini. Kikwazo ni nauli, kwani kila mwaka ikikaribia wiki ya Krismasi, makondakta huanza kutaja bei kwa sauti ya chini, ishara kwamba wao wenyewe wanaionea aibu. Ondokeni mapema, shule zikifungwa tu, na mume wako awafuate akipata ruhusa. Kisha uandike kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, mwezi wa Novemba, kwamba nyumba ya Nakuru itakuwa imefungwa. Maelezo marefu hayahitajiki. Jamaa wanaopenda kupitia watakuuliza tu kama umemwachia jirani ufunguo. Sema hapana.

SWALI: Mwalimu, kwetu Ikolomani kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Krismasi iliyopita dada yetu mkubwa, ambaye anafanya kazi Eldoret, alikuja na kuku watatu wa kienyeji, unga, sukari, na nauli ya kila mmoja wetu alikuwa ametuma yeye. Kuku walipoiva, alichukua firigisi moja akaila amesimama kwenye mlango wa jikoni, baba akimwona. Mzee hakusema neno, lakini kesho yake hakwenda kutazama fahali wakipigana. Tufanyeje kabla ya Desemba? – Kitinda Mimba, Kakamega.

JIBU: Mwanangu, hili ni zito kuliko unavyolieleza. Mzee wa Ikolomani asiyekwenda kutazama fahali tarehe 26 Desemba hajanuna, amegoma.

Hata hivyo nimepiga hesabu. Kuku walikuwa watatu, na kuku mmoja ana firigisi moja, kwa hiyo mzee alibakiwa na mbili, ambazo ni nyingi kuliko alizokuwa akipata siku mlizokuwa mkichinja kuku mmoja. Kilichomuuma basi si nyama, kwa maana firigisi ukishaipasua, ukamwaga mchanga, ukabandua ule utando wa manjano na kuiosha, inabaki kipande cha kutafuna mara chache tu. Kilichomuuma ni mlango wa jikoni. Dada yako alikula kama mtu anayechukua chake, na kusema kweli ilikuwa yake, maana ndiye aliyemnunua kuku. Lakini heshima ya firigisi ni ya kupewa, na baba hakupata nafasi ya kumpa.

Nami siungi mkono wanaosema kwamba desturi hiyo ifutwe, wala wale wanaodai kwamba mwanamke akiila nyumba itaanguka. Mwambie dada yako kwamba Desemba hii yeye ndiye atakayemnawisha baba mikono na kumwekea sahani, firigisi zikiwa juu, na amtajie wazi kwamba kuku hawa amewaleta yeye. Akae karibu, asiondoke. Mzee mwenye busara atakata moja na kumpa nusu mbele ya watu wote. Asipofanya hivyo, mama yenu amwulize kwa upole, watu wakisikia, ni nani aliyelipa nauli. Wewe kitinda mimba usiseme lolote, kwa sababu zamu yako ya firigisi bado iko mbali.

SWALI: Mwaka huu wa 2026 Siku ya Mazingira, Jamhuri na tarehe 26 Desemba zote ni Jumamosi. Jirani yangu anasema sheria inatupa Jumatatu badala yake, mwajiri wangu anakataa. Nani mkweli? – Karani, Kisumu.

JIBU: Mwajiri wako, samahani. Sheria ya Sikukuu za Umma inasema kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ambayo si sikukuu tayari ndiyo inayokuwa ya mapumziko, na hiyo ndiyo sababu Krismasi ikiwa Jumapili mapumziko husukumwa hadi tarehe 27. Jumamosi haikutajwa. Waziri anaweza kutangaza siku ya ziada katika Gazeti Rasmi la Serikali, kama ilivyotokea tarehe 13 Novemba 2023 tulipopewa Jumatatu nzima ya kupanda miti, lakini tangazo la namna hiyo huja kwa ghafla na halifai kupangiwa safari. Jumatatu tarehe 14 Desemba uwe kazini, na kama unataka kwenda nyumbani mapema, omba likizo yako ya mwaka sasa hivi, kabla wenzako hawajaisoma safu hii.