Usiitenge fimbo ya antena na ardhi ya stima

Fimbo hiyo ya shaba, ile inayozikwa udongoni ili kushusha umeme wa radi kutoka kwenye antena ya redio, usiichimbie mahali ulipoambiwa. Umeandika kwamba unakaa Nyali, Mombasa, kwamba unataka kuuimarisha mlingoti wa antena yako kabla ya masika na upepo wa kusi, na kwamba fundi amekushauri uipe antena fimbo yake pembeni mwa ua, mbali na ile ya ardhi ya stima, yaani inayounganisha stima ya nyumba na udongo, ili radi isipate njia ya kuingia ndani. Maneno hayo hayo niliambiwa na mtu aliyejiita mtaalamu, na nikamlipa.

Radi yenyewe haikuigusa antena yangu, bali ilipiga mnazi wa jirani. Radi hushusha ardhini mkondo wa makumi ya maelfu ya ampea. Pale inapoingilia, volti hupanda ghafla, kisha hupungua kadiri unavyokwenda mbali, hivyo fimbo mbili zilizotengana hata kwa mita chache huweza kupishana kwa maelfu ya volti. Huku kwetu hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa chini ya udongo mwembamba pana mwamba wa matumbawe usiopitisha umeme vizuri. Na fimbo zangu mbili ziliunganishwa na nini? Ziliunganishwa na ganda la waya linalozunguka kebo ya antena, lililofika redioni, kisha saplai ya volti 13.8 inayoipa redio umeme, kisha waya wa ardhi wa soketi ya ukutani. Umeme ukapita humo humo. Plagi ya antena nilikuta imeyeyuka ikashikamana na tundu lake, na nilipofungua redio, mistari ya shaba kwenye bodi ilikuwa imetoweka, pamebaki alama nyeusi tu. Saplai iliungua, na modemu ya intaneti pia.

Hasira yangu kwa mtu yule haijaisha, maana jambo hili ni la msingi katika kazi yake, na redio iliyoungua haikuwa yake.

Kwa hiyo fimbo ya antena, mlingoti na ardhi ya stima viunganishwe pamoja, kwa waya mnene wa shaba, mfupi iwezekanavyo, usio na kona kali. Kazi ya upande wa stima mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati. Viungo vyote vikaguliwe kila kabla ya mvua, kwa sababu chumvi ya bahari hula shaba na boliti hata zikiwa zimekazwa vizuri.

Kebo nayo ichomolewe nje ya dirisha, si mezani, na saplai itolewe ukutani, mapema kabla wingu halijafika. Ukishasikia ngurumo, umechelewa, usiiguse tena.

Kabla hujamlipa fundi wako, mwambie akuoneshe kwa kidole waya unaotoka kwenye fimbo ya antena hadi kwenye ardhi ya stima pale kwenye mita. Asipokuwa na waya wa kukuonesha, kazi haijaisha.